Fisi Maji Ndani ya Mwavuli

Mwezi uliopita mjukuu wangu Neema alinikalisha kwenye kochi lake hapa Buhongwa, Mwanza, akanionyesha, kwenye simu, sinema niliyoiona mara moja tu maishani, nikiwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyemsumbua. Nilikuwa namsimulia vipande vipande wakati ananisuka: familia ya fisi maji, bibi yao mwenye kilemba, mwavuli mweusi uliogeuzwa juu chini ukawa chombo, korongo mwenye miwani anayewazuia njiani. Yeye akaenda kuandika maneno hayo huko mtandaoni wanakoandika wenyewe. Siku ya nne akaja na simu mkononi. "Bibi, ni hii?" Nikauona ule mwavuli. Nikamwambia lete miwani yangu.

Niliiangalia mpaka mwisho. Na huo mwisho sikuwa nimewahi kuuona, wala hakuna mtu wa kijijini kwetu aliyewahi kuuona, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Miaka yote hii nilijua inavyoisha kwa kuambiwa tu. Tuliambiwa walimpata mama yao aliyepotea, yuko kisiwani. Basi hawakumpata. Wanafika ziwani, wanaona maji hayana ng'ambo, yule bibi fisi maji anashuka kwenye mwavuli anakaa chini, watoto wanakaa ubavuni kwake. Baba yao anavua kofia. Hapo ndipo inapoishia, na muziki kidogo.

Neema akaniuliza, "Mbona unalia, bibi? Hii si ya watoto?"

Nikamwambia ni macho tu, yamechoshwa na mwanga wa simu. Aliamini. Mimi nimekuwa mwongo hodari tangu zamani, na uongo wangu wa kwanza wa maana ulianzia kwenye sinema hiyo hiyo. Ndiyo habari yenyewe.

Kwetu ni ng'ambo, upande wa Sengerema, ziwani kabisa, kijiji cha wavuvi na wakulima wa pamba. Siku hizi mtu anavuka ghuba bila kulowa kiatu. Zamani zile wanawake walikuwa wanavuka kwa mtumbwi, kasia na tanga la magunia yaliyoshonwa pamoja, kupeleka Mwanza mihogo mikavu, ile tunayoiita udaga. Mama yangu alikuwa akinuka udaga. Ukitaka kujua udaga unanukaje, siwezi kukueleza, ni uchachu fulani na vumbi fulani, wengine unawakera. Mimi nikipita sokoni penye magunia yake nasimama kidogo kama mtu aliyeitwa.

Siku moja mama alivuka asubuhi na wanawake wengine wanne. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta ndani ya karai. Mchana ukaja upepo wa ghafla, ule unaoanza kwa kunyamazisha ndege. Wale wanne walipatikana, mmoja baada ya mwingine, wa mwisho siku ya tano. Mama hakupatikana. Walitafuta kwa nyavu, walitafuta kwa miti mirefu, wakaja hata wavuvi wa kijiji cha jirani ambao baba alikuwa amegombana nao. Hakupatikana.

Sasa hapa lazima nieleze desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Kwetu mtu akipotea ziwani na mwili usionekane, anazikwa mgomba. Unakatwa mgomba, unavishwa sanda, unaombewa, unashushwa kaburini kama mtu. Hapo msiba unakwisha. Moto wa uani unazimwa, wafiwa wananyolewa, mume anaruhusiwa kurudi kazini kwake. Kabla ya hapo hapana. Baba yangu alikuwa mvuvi na asingeweza kutupa wavu mpaka mgomba uzikwe.

Na huo mgomba haukatwi ovyo. Lazima uwe na kimo cha marehemu, sawasawa. Ukiwa mfupi, wazee walisema, anarudi kudai miguu yake. Ukiwa mrefu, kaburi linabaki na nafasi ya mtu mwingine. Na anayeonyesha kimo ni mtoto wa kwanza, hakuna mwingine. Mume anaweza kukosea kwa majonzi, wakwe wanaweza kukosea kwa chuki, lakini mtoto amesimama ubavuni mwa mama yake kila siku ya maisha yake, anajua anaishia wapi. Basi mgomba unasimamishwa, mtoto anausogelea kama alivyokuwa anamsogelea mama yake, anaonyesha, wanakata. Mtoto wa kwanza nilikuwa mimi, na wa mwisho pia, maana nilikuwa peke yangu.

Siku ya kumi wazee wakakaa wakasema kesho mgomba. Na jioni ya siku hiyo hiyo likaja gari la sinema.

Wenzangu wa rika langu mnalikumbuka. Gari la serikali, na spika juu yake kama ua la boga, linapita mchana likitangaza, jioni linatandika shuka jeupe ukutani. Kwetu lilikuwa linatandika kwenye ukuta wa ghala la pamba. Nyuma yake kuna jenereta inayonguruma na kunuka petroli, na sisi watoto tulikuwa tunaipenda ile harufu, tunavuta pumzi mpaka kichwa kinazunguka. Ujinga wa utoto. Jirani yetu mmoja alimwita mwanawe Spika. Alikufa mzee tu, na jina lake hilo hilo.

Nataka mjue jambo moja kuhusu gari lile. Halikuwahi kutudanganya. Lilituonyesha kupanda pamba kwa mistari, waliofuata wakavuna, waliokaidi wakavuna majani. Lilituonyesha choo, likatuonyesha kunyonyesha. Mara moja lilituonyesha tone la maji ya ziwa limekuzwa likawa kubwa kama nyumba, na ndani yake wadudu wanaogelea. Wale wadudu walikuwa wa kuchorwa. Mtangazaji mwenyewe alisema, hawa tumewachora kwa sababu jicho haliwezi kuwaona, lakini wapo. Bibi yangu, mama yake baba, tangu siku hiyo hakunywa maji bila kuchemsha. Alikuwa anasema, "Sijawaona, lakini gari limeona." Na watoto wa nyumba yetu hatukuharisha tena. Kwa hiyo sisi tulijua hivi: kinachopigwa picha ni kile kilicho karibu, na kinachochorwa ni kile kilichopo lakini macho hayafiki. Mtu wa mjini angecheka. Sisi hakuna aliyetufundisha vinginevyo.

Wafiwa hawaendi kwenye burudani, na shangazi yangu, dada yake baba, alisema hivyo wazi. Bibi akamjibu, "Ngoma ndiyo burudani. Hilo ni somo." Akajitanda kanga, akanishika mkono, akamwambia baba, "Inuka, Mafuru. Umekaa kwenye hilo jiwe siku kumi, utaota mizizi." Tukaenda wote. Shangazi naye akaja nyuma, akinuna.

Ilianza picha ya mbolea. Halafu mtangazaji, kijana mrefu mwenye shati la kola kubwa, akasema leo ameleta kitu cha familia nzima, mkubwa na mdogo. Ndipo wakatokea fisi maji.

Sisi watu wa nyavu fisi maji ni adui yetu. Anakula samaki, anachana wavu, anakuachia vichwa tu kama dharau. Kwa hiyo alipotokea wa kwanza, amevaa kofia, anakoroma kitandani, wanaume walianza kelele. Baba yangu, ambaye siku kumi hakuwa amesema maneno kumi, akasema, "Huyo ndiye aliyenichania wavu."

Jirani akamwambia, "Mkamate basi, Mafuru, si huyo hapo ukutani."

"Ngoja aamke. Sipigi mtu aliyelala."

Watu wakacheka, na baba akacheka. Nilimwangalia usoni kwa ule mwanga wa shuka, nikaona meno yake. Sikujua mpaka pale kwamba nilikuwa nimeyasahau.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mafuriko yanakuja usiku, yanambeba mama fisi maji. Asubuhi wanaobaki, bibi, baba na watoto wawili, wanageuza mwavuli juu chini, wanaingia ndani, wanaufuata mto kwenda kumtafuta. Lugha ilikuwa ya kwao, hatukuielewa hata neno, lakini mtangazaji alizungumza juu ya sauti zao kwa spika, akibadilisha sauti, ya bibi inatetemeka, ya watoto inalia puani. Yule korongo mwenye miwani alimpa sauti ya karani wa ghala letu, kila mtu akaitambua, karani mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Bibi yangu alipenda yule bibi mwenzake, kila yule anaposema neno, bibi yangu anaitikia, "Sawasawa, mama." Watoto tulipenda maporomoko ya maji. Wanaume walipenda jinsi yule baba alivyokuwa akiongoza mwavuli kwa mwiko, wakawa wanabishana kama anashika kasia vizuri. Sijaona tena kitu kinachowakamata watu wote namna ile, kuanzia mtoto wa mgongoni mpaka mzee asiye na jino.

Na mimi nilikuwa sicheki. Mimi nilikuwa nasoma njia. Nilijua hili ni somo, na nilijua ni la nani.

Mvua ikaanza walipokuwa wanakaribia ziwa. Matone makubwa, halafu yote kwa pamoja. Kijana akazima mashine, akafunika kwa turubai, shuka likalowa likadondoka ukutani. Watu wakakimbilia chini ya bati la ghala, lakini hawakuondoka. Walikuwa wanauliza, mama yao je. Wanaume wazima, wana ndevu, wanauliza mama wa fisi maji yuko wapi. Kijana akasema mashine ikilowa ataachishwa kazi, na kesho alfajiri anatakiwa kwingine.

Bibi akajipenyeza mpaka mbele yake. Yule kijana akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mvua ni ya Mungu, hatukulaumu. Tuambie tu neno moja tukalale. Mama yao walimpata?"

Kijana akamtazama. Bibi alikuwa amejifunga ile kamba ya mgomba kiunoni, ya wafiwa. Kama aliielewa au hakuielewa, mimi sijui. Kama alikuwa anaujua mwisho wake au alikuwa hajawahi kuufikia na yeye, hilo pia sijui. Nimelifikiria miaka yote hii na nimeshindwa kumkasirikia. Angesema nini, mbele ya mwanamke mzee, maji yanamtiririka usoni?

Alisema, "Walimpata, bibi. Yuko kisiwani, anasuka vikapu. Alikuwa anawasubiri."

Bati zima likashusha pumzi. Bibi akasema asante, baba. Tulipokuwa tunarudi kwenye matope baba yangu alinibeba begani, na nilikuwa mkubwa wa kutobebwa tena.

Asubuhi mgomba ulikuwa tayari uani. Ulikuwa umekatwa mrefu, majani yametolewa, unadondosha yale maji yake yanayoacha doa lisilotoka. Wakausimamisha. Mzee mmoja akashika panga. Shangazi akanisukuma mgongoni, "Nenda, Nyangeta, uonyeshe."

Nilisogea. Mkono wangu ulijua pa kwenda kabisa. Paji la uso wangu lilikuwa linafika pale mama anapofungia kanga, na kutoka hapo kwenda juu nilimjua kama ninavyojua mlango wa nyumbani. Nikarudisha mikono nyuma.

"Mama yuko kisiwani," nikasema.

Shangazi akanizaba kofi. Sikulia. Nikasema tena, nikaongeza, "Gari limesema. Hata bibi alisikia."

Hapo ndipo ningetaka mtu mmoja tu mzima anishike mkono, auinue kwa nguvu, akate, amalize. Hakuna aliyefanya hivyo. Wale wazee nao walikuwepo jana. Wakatazamana. Mmoja akasema visiwa ni vingi, na kwa kweli hatukuvifikia vyote. Mwingine akasema kuna mtu wa Kome zamani alikaa miezi minne kisiwani akila ndege. Bibi akamgeukia baba, "Mwanangu, wewe unasemaje?" Baba alikuwa ananitazama mimi. Akasema, "Mtoto ndiye mwenye kimo. Kama hakionyeshi, hatukati."

Ule mgomba ukalazwa ukutani ukaoza pole pole. Mbuzi walikula ganda lake.

Baba akaanza kutafuta. Kutupa wavu alikuwa haruhusiwi, lakini kutafuta hakukatazwi. Akawa anaondoka na mtumbwi, kisiwa hadi kisiwa, wiki mbili, wiki tatu, anarudi amekonda, ndevu zimemfika kifuani kwa sababu kunyolewa pia kulikuwa marufuku. Moto wa uani bibi aliulisha kuni yeye mwenyewe, mvua na jua. Shamba lilikwenda porini. Tulikula kwa majirani, na majirani wana mwisho, mnajua wenyewe. Shangazi akawa anasema kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria, "Mke wa mtu amekufa, na kijiji kizima kinamngoja kwa ajili ya panya buku wa ukutani."

"Fisi maji," bibi anamsahihisha.

"Na afie mbali huko."

Baba akirudi, kabla hajala, alikuwa ananiita. "Njoo unihadithie tena ile." Nami nakaa kati ya magoti yake, namhadithia mwavuli, mwiko, korongo. Anafumba macho. Pale ambapo mwanzoni nilikuwa nasimulia nilichokiona, nikaanza kuona kwamba sehemu fulani zinamtuliza kuliko nyingine, basi nikazirefusha. Nikasema mama fisi maji alijenga kibanda cha matete. Nikasema alikuwa anaimba. Siku moja nikasema alikuwa na kovu kwenye goti, kwa sababu mama alikuwa nalo, na baba akanibana kwa magoti yake mpaka nikakosa pumzi. Watu husema mimi najua kusimulia. Nimesimulia misibani, harusini, hata kwa wagonjwa. Basi shule yangu ya kusimulia ilikuwa ile, kati ya magoti ya baba yangu mwenye njaa, na zaidi ya hapo nilikomea darasa la nne.

Sasa niseme lile ambalo sijamwambia hata Neema.

Ulikuwa umepita mwaka na kitu. Baba alikuwa nyumbani. Mvuvi mmoja akaja na kipande cha kanga alichokinasua kwenye miamba ya upande wa juu, kimefubaa, kimeliwa na maji, huwezi kujua kilikuwa na rangi gani. Akakitandaza juu ya jiwe uani. "Sijui kama ni cha mtu wenu. Nimeona vibaya kukiacha."

Kwenye pembe yake kulikuwa na kiraka. Kiraka kimeshonwa kwa uzi wa kijani, uzi wa kutengenezea nyavu, kwa sababu siku ile uzi wa kushonea ulikuwa umekwisha. Mimi ndiye niliyemshikia mama ile kanga akishona. Alinichoma kidole kidogo kwa bahati mbaya, akakinyonya, akasema pole, mama. Nilikuwa nakijua kile kiraka kama kidole changu.

Baba hakuwa anajua viraka. Mwanaume gani anajua. Akaniita. "Nyangeta, hii ni ya mama yako?"

Niliangalia kanga, nikamwangalia yeye. Nilikuwa na miaka minane na ushee, na nilijua. Msinisamehe kwa kusema nilikuwa mdogo. Wakati ule nilielewa yote: kwamba mama yuko chini, kwamba hakuna kisiwa, kwamba nikisema ndiyo mgomba utasimamishwa tena na moto utazimwa. Lakini nilijua pia kwamba nikisema ndiyo, baba hataniita tena kati ya magoti yake.

"Hapana, baba," nikasema. "Ya mama haikuwa na kiraka."

Akatabasamu. Yale meno tena. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, na bibi alikuwa anajua viraka. Aliniangalia muda mrefu, halafu akaenda kuongeza kuni kwenye moto. Na yeye alikuwa na mwanawe wa kumlinda, naona, na kila mmoja wetu alikuwa anamlinda mtu yule yule kwa namna ile ile.

Baada ya hapo baba alipata nguvu mpya. Alikarabati mtumbwi, akaziba kwa pamba na lami. Jioni moja akaniuliza, "Korongo aliwaambia wapite upande gani, walipofika ziwani?" Kumbukeni sinema ilikatika kabla ya ziwa. Hakuna korongo aliyesema chochote juu ya ziwa. Mimi nikajibu kwa haraka tu, kama mtu anayeulizwa chumvi iko wapi. Nikasema kisiwa chenye ndege weupe wengi, mawe yake yamekuwa meupe kwa mavi ya ndege. Nilitaka acheke kwa sababu ya mavi ya ndege. Na alicheka.

"Hicho nakijua," akasema. "Ni mbali kidogo. Sijawahi kukifikia."

Shangazi alimsihi. Alikuwa mkali yule mwanamke, na watoto tulimchukia, lakini siku ile alipiga magoti kwenye mchanga wa bandarini na kushika ukingo wa mtumbwi. "Kaka, angalia mawingu. Kaka, huyu mtoto hajui kitu, anakuhadithia tu. Nakuomba, mimi mdogo wako." Baba akamwinua taratibu, akampangusa mchanga magotini. Akanigeukia mimi niliyesimama na bibi. "Nyangeta, ni hicho, sivyo?"

Nilikuwa na nafasi. Kulikuwa na muda wa kutosha kabisa, upepo ulikuwa haujaanza, na mtumbwi ulikuwa bado nusu mchangani. Shangazi ananitazama, bibi hanitazami. Nikaitikia kwa kichwa. Hata kwa mdomo sikuitikia.

Wiki ya tatu wakaukuta mtumbwi umepinduka karibu na matete, ile pamba na lami bado imeshika vizuri. Yeye hakupatikana. Wazee hawakungoja siku kumi. Walisema hii nyumba imekaa na msiba wazi miaka miwili, na msiba uliofunguliwa huita mwenzake. Wakaleta migomba miwili.

Safari hii hakuna aliyenisukuma. Nilikwenda mwenyewe. Kwanza wakausimamisha wa baba. Nikanyoosha mkono juu, nikaonyesha, nikasema hapa. Mzee akakata. Ilikuwa rahisi, nilikuwa nimemwona juzijuzi tu akisimama bandarini.

Wakausimamisha wa mama. Nikausogelea kama nilivyokuwa namsogelea, paji la uso mbele, nikaegemea lile ganda la baridi. Nikatafuta pale anapofungia kanga. Sikupaona. Kipimo kilikuwa mwili wangu mwenyewe, na mwili wangu ulikuwa umekua miaka miwili bila yeye. Nikainama kidogo, nikarudi kuwa mrefu, nikainama tena. Sikumpata. Yule mtu niliyekuwa namjua kama mlango wa nyumbani hakuwa na mahali pa kuishia. Mwenye kumjua kimo kwa macho ya utu uzima alikuwa baba, na baba alikuwa amelala kando hapo, amekwisha kuvishwa sanda.

Watu walisubiri. Mzee wa panga akakohoa. Bibi akasema kwa sauti ya chini, akiniita kwa utani wa bibi na mjukuu, "Onyesha, mke mwenzangu. Onyesha tumpumzishe."

Nikanyoosha mkono nikashika mahali. Mahali tu, popote.

Shangazi akauliza, bila ukali, "Una hakika ni hapo, mama?"

Nikasema ndiyo. Wakakata hapo.